Biskuti Nne za Wifi

Watu wakishaketi kwenye kiti changu cha kusukia, kabla hata sijashika kitana, huniuliza: "Hivi yule wifi yako wa wadudu yuko wapi siku hizi?" Nawajibu kwamba yupo. Wengine huguna tu. Wengine hushusha sauti na kusema, "Bora alivyoondoka, angewamaliza nyumba nzima." Mimi naendelea kusuka. Nasuka vizuri, mistari inanyooka, lakini moyoni naungua, kwa sababu wifi hakumpa mama yangu kitu chochote, na mtu anayelijua hilo kuliko wote ni mimi.

Basi leo nasema. Mdomo wangu haukai, kila mtu anajua, ila hili moja nimelifungia mwaka mzima na linanila.

Wifi ni mke wa kaka yangu, fundi wa friji. Alipoingia kwetu miaka saba iliyopita alikuja na begi moja na kicheko, na kicheko chenyewe ndicho kilichomuudhi mama siku ya kwanza. Mama yangu alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini. Kwake kicheko ni kitu cha kuombewa ruhusa.

Na ukitaka kumwelewa mama kuhusu wadudu, lielewe kwanza lile bweni. Stoo ya maharage ilikuwa chini yake, magodoro mia na ishirini yalikuwa chini yake, jikoni kulikuwa chini yake. Wakaguzi walikuja bila taarifa. Matroni aliyemtangulia alifukuzwa siku ileile mkaguzi alipokuta mende kwenye sahani ya mwanafunzi, akatoka getini na godoro lake kichwani wasichana wakimtazama madirishani. Mama aliiona ile. Tangu hapo alitembea na kandambili mkononi kama askari na rungu. Mdudu kwa mama si kiumbe, ni barua ya kufukuzwa kazi. Alistaafu, akarudi nyumbani, kandambili ikarudi naye.

Wifi kwa upande wake alizaliwa kwenye nyumba ambayo panzi walikaangwa wakatiwa bakulini, na mtoto ambaye hajaota meno akapewa mmoja afyonze chumvi. Aliniambia, "Wifi, mimi sikuchagua. Niliambiwa ni watamu kabla sijajua ni nini." Kwake yeye panzi ni watoto wanakimbizana na nyavu, na mama yake anacheka. Lakini usidhani alikuwa anakula kila kitu. Siku moja kaka alileta jibini. Wifi akainusa, akatoka mbio hadi uani, akatapika. "Maziwa yameoza, mmeyakata vipande, mnayala, halafu mnanishangaa mimi?" Tulicheka na kaka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alimaliza jibini yake, akanawa, akaenda chumbani.

Nisisahau kusema jambo kubwa. Mama hakuwahi kula chakula cha mkono wa wifi. Hakuwahi. Wifi akipika, mama alikuwa ameshiba. Wifi akipakua, mama alikuwa na gesi. Mimi ndiye niliyempikia mama, asubuhi kabla sijafungua saluni, mchana nikikimbia kurudi, na jioni. Tuliishi hivyo, tukazoea, lakini wifi hakuzoea. Kila siku alimwekea mama sahani, akaifunika, na jioni akaifunua ikiwa vilevile.

Kiwanda cha nguo alichokuwa akishona kilipofungwa, wifi alikaa wiki mbili akifagia ua ambao ulikuwa safi. Halafu akaenda kwenye mafunzo ya siku tatu ya ufugaji wa nyenje, wale wadudu wa kahawia wanaolia kwenye nyufa za kuta. Akarudi amebeba beseni la udongo mbichi lililofunikwa kitambaa. Mama akauliza ni mche gani. Wifi akasema, "Si mche, mama. Ni mayai." Kandambili ikaanguka.

Kaka akampa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo. Wifi akatandaza makreti ya plastiki, ndani yake trei za mayai za karatasi ili nyenje wapate pa kujificha, pamba yenye maji ili wasife kiu, na balbu mbili za kuwapa joto. Nyenje wakikosa maji wanakulana, alinionyesha. Unakuta asubuhi vichwa vimebaki. Nilisisimka mwili mzima, lakini nilirudi kuangalia tena, maana mimi nina udadisi wa paka.

Baada ya kama wiki saba walikuwa wakubwa na madume yakaanza kulia. Chumba cha nyuma kinapakana na chumba cha mama, ukuta mmoja. Kaka, aliyekuwa anapenda kelele zile, alisema ni redio ya bure. Mama alisema wanamwita. "Wananyamaza nikisimama," alisema, "nikikaa wanaanza." Sisi tukadhani ni utani wa uzeeni. Siku hizi nikikumbuka alivyokuwa akiutazama ule ukuta, nywele zinanisimama.

Wakishakomaa, wifi aliwatia kwenye friji kuukuu aliyoifufua kaka. Walilala mle na hawakuamka. Akawachemsha, akawakausha kwenye oveni, kisha ikaja shughuli ya kusaga. Msagaji wa mtaani akamkatalia katakata. "Dada, wateja wangu wakisikia mashine imepita wadudu, nitasaga upepo." Basi wifi akanunua mashine ya mkono, akasaga mwenyewe uani, kifundo cha mkono kikavimba.

Soko lake la kwanza lilikuwa saluni yangu. Siku ya kwanza alileta wazima, wamekaangwa, wamepangwa kwenye sahani, macho yote yanakutazama. Mteja mmoja alipiga ukelele, akatoka nje na kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Wiki iliyofuata wifi aliwatoa miguu na mabawa. Wawili wakala, kwa kushindana tu, na mmoja akajipiga picha. Ndipo akaja na biskuti. Unga wa ngano, sukari, siagi, na unga wa nyenje kiasi. Biskuti ya duara, ya kahawia, haina jicho wala mguu. Hata hivyo ilikaa kwenye kopo siku nne nzima, mpaka keshia wa benki, yule anayekuja na viatu virefu, alipochukua moja, akaitafuna taratibu bila kuharibu rangi ya midomo, akachukua ya pili. Mchana ule ziliisha zote. "Kama keshia amekula, mimi nani?" Nilijifunza siku hiyo kwamba watu hawaogopi mdudu sana kama wanavyoogopa kuonekana. Wengi walinunua wakanambia, "Nifungie kwenye gazeti."

Wifi alikuwa na mambo mawili asiyoyalegeza. La kwanza, kila pakiti aliibandika karatasi yenye picha ya nyenje, kubwa, ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. La pili, kila mnunuzi alimuuliza: "Kamba unakula? Wale wa kwenye maji. Na kaa? Hawakuletei shida?" Mwalimu wao wa mafunzo aliwaambia kwamba mwili unaowakataa kamba unaweza kuwakataa nyenje pia, na kwamba wapo wanaoweza kufa kwa kipande kidogo tu.

Watu wakisikia neno kufa, wanarudisha pakiti mezani. Nilimwambia, "Wifi, wewe unauza au unatangaza msiba?"

Hakucheka, naye ni mtu wa kucheka. "Niahidi utauliza, wifi. Mimi sipo hapa kila siku."

"Haya, nitauliza."

Niliuliza siku mbili. Siku ya tatu saluni ilijaa, mikono yangu ilikuwa na mafuta, mtu akachukua pakiti, akaondoka. Hakurudi akiwa amevimba. Alirudi kununua nyingine. Basi nikaacha kuuliza. Nyenje na kamba wapi na wapi, nilijisemea. Mmoja wa majini, mwingine wa ukutani.

Na kuna mteja mwingine aliyenipotosha zaidi, ingawa kosa si lake. Aliingia kwa haraka, akadaka biskuti kwenye pakiti iliyokuwa wazi, akala, akasifia, akalamba vidole. Halafu akaiona picha. Alikimbilia mlangoni akatema mpaka mate yakaisha. Nilimtazama nikawaza: ulimi ulikuwa umeshakubali, kichwa ndicho kilichokataa. Kumbe dawa ni kutokiambia kichwa. Wazo hilo nililiona la maana sana, nikalibeba hadi nyumbani.

Sasa lazima niwaambie habari ya mama na kamba, na hapa ndipo naomba mnivumilie. Nilikuwa na miaka kama tisa. Tulialikwa harusini, mama akala kamba wawili watatu. Kabla keki haijakatwa midomo yake ilikuwa imevimba, macho yamebaki mistari, anajikuna mpaka damu. Baba, wakati huo akiwa bado hai, alimpepea na gazeti. Kufika jioni uvimbe ukapungua, mama akamtukana mpishi kwamba kamba walikuwa wamelala. Hakuwagusa tena. Nyumbani ikawa mzaha: kamba hawampendi mama. Wifi hakuwahi kuambiwa, kwa sababu nani atakumbuka mambo ya miaka thelathini?

Mimi nilikumbuka. Hilo ndilo linaloninyima raha. Nilikuwa najua habari ya kamba wa mama, na nilikuwa najua swali la wifi. Vyote viwili vilikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.

Mambo yaliharibika nyenje mmoja alipotoroka. Mama alimkuta kwenye kikombe chake cha chai, anaelea. Hakupiga kelele. Alikibeba kile kikombe hadi sebuleni, akakiweka mbele ya kaka, akasema kwa sauti ya bweni: "Mwisho wa mwezi huu. Hiyo biashara itoke, au nitoke mimi. Nimemaliza."

Kaka akawa kama amemeza mwiba. Nyumba ni ya mama. Na wifi ndiyo kwanza alikuwa amepata oda ya duka kubwa la vyakula, pakiti mia mbili kila wiki, oda ya kumtoa mtu chini. Angewapeleka wapi wale nyenje? Na akiwapeleka, naye si angewafuata? Nilimkuta uani anasaga, machozi yanamtoka bila sauti.

"Usilie, wifi. Utapata chumba kingine."

"Silii chumba," alisema. "Nataka siku moja mama ale nilichokipika mimi bila kukitazama mara mbili. Siku moja tu. Akishakula, hata akinifukuza nitaondoka vizuri."

Moyo uliniuma. Nampenda wifi, na sijawahi kumpenda mtu halafu nikakaa kimya. Hasira ikanipanda juu ya mama na kiburi chake. Nikapanga. Ningempa mama biskuti bila kumwambia, angekula, angesifia, ndipo ningemwita wifi atoke chumbani, tungemwambia, mama angenuna siku mbili, kisha tungecheka wote na mambo yangeisha. Sikumwambia wifi mpango wangu, kwa sababu nilijua atakataa. Mara ngapi alishaniambia: "Usimpe mtu kitu asichokijua. Ukimdanganya mtu tumboni, hatakuamini tena popote." Nilimwona mwoga.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Mama ana kopo lake la bati la biskuti, hakuna anayeligusa isipokuwa yeye anayekula na mimi ninayelijaza. Nilichana pakiti ya wifi, nikaikunja ile karatasi yenye picha nikaitia mfukoni mwa aproni, nikapanga biskuti nne juu ya zile za kawaida. Nikamletea chai. Nikasimama jikoni, mlango uko wazi kidogo, nikichungulia.

Akachukua ya kwanza. Akatafuna. Akaigeuza, akaitazama. Akasema, "Umenunua wapi hizi? Hizi ndizo biskuti." Mimi huku nimejiziba mdomo na kitambaa cha vyombo, kicheko kinanitoka puani. Akachukua ya pili. Ya tatu akaichovya. Alipoinyanyua ya nne, nyenje wa chumba cha nyuma, waliokuwa wanalia tangu alfajiri, wakanyamaza wote kwa pamoja. Labda wifi aliingia kuwapa maji. Sijui. Najua tu nilisikia ule ukimya, na kicheko kikanikauka.

Mama akasafisha koo. Akasafisha tena.

"Mwanangu, koo linaniwasha."

"Kunywa chai, mama."

"Chai haipiti."

Nilitoka jikoni. Alikuwa anajikuna viganja. Mdomo wa chini ulikuwa umeanza kunenepa upande mmoja. Na hapo, jamani, wale wapangaji wawili wakasalimiana. Niliiona harusi, nilimwona baba na gazeti, nilisikia sauti ya wifi ikiuliza kuhusu kamba, vyote kwa mpigo mmoja. Mama alinitazama kwa macho yanayojifunga. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu mwingine. "Nipeleke," alisema.

Jirani yetu ni dereva wa teksi, alikuwa anaosha gari. Alituendesha hospitali na povu likiwa bado kwenye vioo. Mama alikuwa amenilalia, kifua kinapiga mluzi. Nilimshika nikawa nasema "mama, mama, mama," kama mtoto aliyepotea sokoni.

Walimchoma sindano papo hapo. Kifua kikafunguka, rangi ikarudi. Daktari, kijana mwenye miwani, akaniita pembeni. "Amekula nini asubuhi?"

"Chai," nikasema. "Na mkate."

Mnaniuliza kwa nini. Niliona aibu. Ndilo jibu lote, sina jingine. Mama alikuwa anapumua, nikajiambia yamekwisha, hakuna haja ya kujivua nguo mbele ya watu.

"Anatumia dawa gani?"

"Za presha. Wamembadilishia wiki iliyopita."

Akaandika. Akasema basi huenda ni hizo dawa mpya, kwa sababu zipo zinazovimbisha watu namna hii. "Lakini kama ni dawa nafuata njia moja, na kama ni chakula nafuata nyingine. Fikiria vizuri. Na hali hii inaweza kurudi." Nikasema nimefikiria. Akaenda.

Ikarudi. Ilikuwa kama saa sita mchana. Kaka na wifi walikuwa wamefika, wifi ameshika mto wa mama kutoka nyumbani, maana alijua mama halali kwenye mto wa mtu. Mama alianza kukohoa, kisha kukohoa kukakatika, akawa anafungua kinywa hewa haiingii. Wauguzi wawili wakaja mbio. Daktari akageuka akatukabili sote watatu, safari hii hana upole. "Nauliza kwa mara ya mwisho. Huyu mama amekula nini ambacho hamjaniambia?"

Nilishika ukingo wa kitanda. Wifi alinitazama usoni. Akatazama aproni yangu, ambayo sikuwa nimeivua, na mfukoni kulikuwa kumechungulia pembe ya karatasi. Miguu miwili ya nyenje wa wino. Rangi yote ikamtoka.

"Biskuti, daktari," akasema. "Za unga wa nyenje. Nilimpa mimi."

"Ngapi?"

Hakujua. Angejuaje? Akanigeukia, na mimi, chini ya ukingo wa kitanda pale ambapo kaka hawezi kuona, nikanyoosha vidole vinne.

"Nne," akasema wifi.

Daktari hakupoteza muda kumgombeza. Wakafunga pazia. Tukasukumwa nje, tukasimama kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kupigia deki. Kaka akamgeukia wifi.

"Ulimpa mama yangu?"

"Nilimpa."

"Bila kumwambia?"

Wifi alitazama sakafu. Yeye aliyebandika picha kwenye kila pakiti. "Bila kumwambia," akasema.

Kaka akampa kisogo, akaenda kusimama dirishani. Nikamvuta wifi mkono, nikamwambia kwa kunong'ona kwamba nasema sasa hivi, namwambia kaka, siwezi. Akanibana kifundo cha mkono mpaka nikaumia. "Tulia, wifi. Mama hajawahi kula kwangu mimi, hatapungukiwa na kitu. Wewe ukijitaja, atakula kwa nani?"

Ningesema hapana. Mtu mwenye utu angesema hapana. Mimi nilisema, "Asante, wifi." Nilimshukuru! Kama mtu aliyepunguziwa bei.

Mama alipona. Siku ya tano aliruhusiwa. Lakini kabla hajarudi, habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima na kurudi ikiwa na mikia: mkwe kamlisha mama mkwe sumu ya wadudu ili arithi nyumba. Duka kubwa likapiga simu kufuta oda. Kaka aliyabeba makreti mwenyewe, moja moja, hadi kwenye pikapu ya kukodi, hakumwangalia mkewe hata mara moja. Hakumwacha, lakini hakumfuata. Wifi amepanga chumba upande wa pili wa mji. Nasikia anauza nyenje kwa wafuga kuku, na wale wale waliosema hawatakula wadudu wananunua kuku hao wakitoa macho kwa utamu. Chumba cha nyuma tulikipiga dawa mara tatu. Hakuna kinacholia tena.

Siku mama aliporudi nilimpikia wali na mboga za majani, kama anavyopenda. Nikampelekea chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, matroni kamili.

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Mimi sijala kitu kwa mke wa kaka yako," alisema. "Nilikula kwenye kopo langu. Kopo langu analijaza nani?"

Nilianguka magotini. Nililia kilio kibaya, nikasema yote, nikasema nakwenda kumwambia kaka sasa hivi, wifi arudi leo leo, nikashika pindo la kanga yake. Mama aliniacha nilie. Nilipomaliza alisema, "Utamwambia ili iweje? Ameshaondoka. Chumba kimeshasafishwa. Nyamaza."

Na mimi, Mungu anajua, nilihisi mzigo unanishuka. Kwa hilo sijajisamehe hadi leo. Nikajifuta uso, nikamsogezea sahani.

Hakuigusa. Akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikagusa kifua changu.

"Onja."

Nikaonja wali.

"Na mboga."

Nikaonja mboga.

"Na maji."

Nikanywa. Alikuwa anatazama koo langu likipanda na kushuka. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, kitandani, mpaka chakula kikapoa. Ndipo akala, kidogo kidogo, jicho likiwa kwangu.

Sasa ni mwaka. Mara tatu kwa siku. Kaka akitukuta hutikisa kichwa kwa uchungu, akasema, "Unaona yule mwanamke alivyomharibu mama? Hata mtoto wake wa kumzaa hamwamini." Mama hamjibu. Ananitazama mimi juu ya bega la kaka, anangoja. Nami nameza, nafungua kinywa aone kimebaki kitupu, ndipo anashika kijiko.